Kitabu kikikatwa, karatasi zake huenda wapi?

Mwezi jana nilisimama Mwembe Tayari, Mombasa, kununua njugu za shilingi ishirini. Kijana aliyezichota alizitia katika koni ya karatasi kama wafanyavyo wote, akaibana ncha, akanipa, akageukia mteja mwingine. Nilikuwa nimekwisha kutafuna nusu yake nilipoona neno lililonisimamisha: "khabari", kwa kh. Siku hizi nani huandika khabari kwa kh? Nikazimimina njugu zilizobaki mfukoni mwa koti (nyumbani baadaye nililipia kosa hilo) nikaikunjua ile karatasi. Upande mmoja ulikuwa na nambari 65, wa pili 66. Ndani yake mlikuwa na kisa cha mfanyabiashara anayedai fedha zake, na "fedha" yenyewe imeandikwa "fetha". Chini kabisa ya ukurasa wa 65, peke yake, palikuwa na herufi F. Jina la kitabu, la mtunzi, la mchapaji, mwaka: hakuna hata kimoja.

"Hizi karatasi wazitoa wapi, kijana?"

"Nauziwa kwa kilo, Maalim. Kuna shule walikuwa wakisafisha stoo."

"Na kitabu chenyewe?"

"Kitabu ndicho hicho umeshika. Kilichobaki watu washaondoka nacho."

Nilirudi nyumbani na karatasi yangu yenye mafuta ya njugu, na njia nzima nikawa naifikiria karatasi nyingine, ya mbali sana na hii kwa bei na kwa heshima, ambayo nayo iliachana na kitabu chake. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwa muhula mmoja katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Siku moja mkutubi wa chumba cha vitabu adimu akaniuliza kama ningependa kuiona Biblia ya Gutenberg. Nani angekataa? Nikanawa mikono, nikakaa, nikangoja. Alichoniletea hakikuwa lile jitabu zito la juzuu mbili nililolitarajia. Kilikuwa kitabu kikubwa lakini chembamba, chenye jalada la ngozi, na ndani yake mlikuwa na insha fupi ya Kiingereza ya karne ya 20 pamoja na karatasi moja tu ya zamani. Moja. Wino wake bado ulikuwa mweusi wa kumeta, utadhani umepigwa chapa juzi. Safu mbili za Kilatini, kila safu mistari 42, na herufi za rangi zilizoongezwa kwa mkono.

"Kitabu kizima kiko wapi?" nikauliza.

"Kila mahali," akanijibu.

Kisa chake ni hiki. Johannes Gutenberg alikuwa ameikamilisha Biblia hiyo mjini Mainz, Ujerumani, kufikia mwaka 1455. Inakadiriwa kwamba zilichapwa nakala zipatazo 180, nyingi kwenye karatasi na nyingine kwenye ngozi iliyolainishwa. Zilizobaki leo hazifiki 50, na si zote zilizo kamili. Mojawapo ilikuwa katika maktaba ya watawala wa Mannheim, ikahamishiwa Munich, ikauzwa mwaka 1832, ikanunuliwa na Mwingereza Robert Curzon na kukaa katika ukoo wake hadi 1920, ilipopigwa mnada London. Wakati huo ilikuwa tayari na mapengo; karatasi zake kadha wa kadha zilikuwa zimeshatoweka. Muda si mrefu ikafika mikononi mwa Gabriel Wells, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akiuza vitabu adimu New York.

Wells akafanya hesabu ya muuza njugu. Biblia yenye mapengo ina mnunuzi mmoja, tena mnunuzi mwenye kulalamikia mapengo. Karatasi mia kadhaa zina wanunuzi mia kadhaa, na hakuna hata mmoja wao atakayelalamika. Akaikata. Karatasi mojamoja akazitia katika majalada ya ngozi pamoja na insha ya A. Edward Newton, mkusanyaji vitabu aliyekuwa na jina kubwa enzi hizo, akazitoa mwaka 1921 kwa dola 150 kila moja. Mradi huo aliupa jina la Kiingereza lenye maana ya "Kipande Adhimu". Zile karatasi zilizounda kitabu kizima cha Biblia aliziuza kwa fungu. Fungu moja la namna hiyo, karatasi 8 zenye Kitabu cha Esta, liliuzwa tena New York mwezi Juni 2015 kwa dola 970,000. Karatasi moja leo ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo kama biashara, Wells hakukosea.

Lakini je, alikosea kwa vingine? Watu wa vitabu wameligombania swali hili kwa miaka mia moja sasa na sidhani kama watanyamaza leo. Wells hakuwa hata wa kwanza. Mwaka 1865 Mwingereza Francis Fry alitoa kitabu chake kuhusu Biblia Kuu ya Kiingereza ya 1539 na kutia ndani yake karatasi halisi za matoleo ya zamani. Mwaka 1905 Klabu ya Caxton ya Chicago ilichapisha wasifu wa William Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, na katika nakala zaidi ya mia moja za wasifu huo ikatia karatasi mojamoja iliyotolewa katika nakala pungufu ya Hadithi za Canterbury aliyoichapa Caxton mwenyewe. Ukirudi nyuma zaidi utamkuta John Bagford, fundi viatu wa London aliyefariki mwaka 1716, ambaye alikusanya maelfu ya vipande, hasa kurasa za majina ya vitabu, akitaka kuandika historia ya uchapaji. Historia hiyo hakuimaliza. Makusanyo yake leo yako katika Maktaba ya Uingereza, na kwa muda mrefu jina lake lilikuwa tusi: mchana vitabu. Waliokuja kuyachunguza makusanyo yenyewe kwa utulivu waliona kwamba sehemu kubwa ilikuwa takataka aliyoiokota kwa wajalidi na wauza vitabu, karatasi ambazo bila yeye zingeishia jikoni. Laana ni rahisi kuliko uchunguzi.

Anayenisumbua mimi zaidi ni Otto Ege. Huyu, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki 1951, aliishi Cleveland, Marekani, alikuwa mwalimu wa sanaa, na aliikata miswada ya zamani pamoja na vitabu vya mwanzo vya chapa bila kujificha. Mwaka 1938 aliandika makala ya gazeti akijitangaza kuwa mvunja vitabu. Hoja yake ilikuwa ya kimwalimu. Kitabu kizima hufungiwa kabatini mwa tajiri mmoja. Karatasi zake zikitawanywa, shule ndogo, maktaba ya mji mdogo na mwanafunzi asiye na kitu wataweza kugusa kwa vidole vyao kitu kilichotengenezwa miaka mia tano iliyopita. Alipanga karatasi hizo katika masanduku, kila sanduku likiwa na sampuli za vitabu vilevile kwa mpangilio uleule. Sanduku lake mashuhuri la karatasi 50 za miswada lilitengenezewa seti 40.

Nami ni mwalimu. Nimefundisha historia ya maandishi kwa kuchora ubaoni umbo la kitabu ambacho wanafunzi wangu hawajapata kukiona, na ninakiri kwamba sanduku la Ege lingenifaa sana. Basi siwezi kumcheka. Ninalomlaumu si mkasi wake peke yake. Ninamlaumu kwa vibandiko vyake. Kila karatasi aliibandikia maelezo mafupi ya jumla, mara nyingi na tarehe ya kukisia, wala hakuandika kitabu hicho kilitoka kwa nani na kilikuwa na karatasi ngapi kabla ya kukikata. Alikata uzi kisha akaficha ncha zake. Leo wasomi wa Marekani na Kanada wanatumia miaka mingi kuyatafuta masanduku yake na kuzipanga upya karatasi kwenye skrini za kompyuta. Misale ya Beauvais ya Ufaransa, mswada uliovunjwa mwaka 1942, imeshapatikana kwa njia hiyo zaidi ya karatasi mia moja, moja hapa, nyingine kule.

Hata hivyo tusiwatwike wakusanyaji mzigo wote. Karatasi nyingi za vitabu vya mwanzo vya chapa ziliachana na vitabu vyao zamani sana, wakati hakuna aliyeziona kuwa adimu. Mjalidi wa karne ya 16 alikuwa ndugu wa muuza njugu wangu. Alihitaji kitu cha kuimarisha jalada, akanunua kwa uzani vitabu vilivyochakaa, akavikata vipande na kuvibandika kwa gundi ndani ya majalada ya vitabu vipya. Humo ndimo vinamotoka vitu vya ajabu. Sarufi ya Kilatini ya Donatus, kitabu cha shule kilichochapwa tena na tena kwa herufi za kwanza za Gutenberg, haikubaki hata nakala moja nzima ya chapa hizo. Yote tunayoyajua yanatokana na vipande, vingi vikiwa vimebanduliwa kwenye majalada. Wanafunzi waliisoma hadi ikaisha, na mabaki yakaenda kwa mjalidi. (Waandishi wa vitabu vya sarufi, wenzangu, tujipe moyo.) Mwaka 1892 huko Mainz kilipatikana kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, kimetumika katika jalada la daftari la hesabu, chenye mistari michache ya shairi la Kijerumani kuhusu siku ya hukumu. Wataalamu wengi wanakihesabu kuwa miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyochapwa Ulaya kwa herufi za kuhamishika, pengine kabla ya Biblia yenyewe. Kitabu kizima hakipo popote. Kipo kile kipande.

Sasa, mtu hujuaje? Ukiletewa karatasi moja isiyo na jina, utaipeleka wapi? Hapa ndipo kazi ya kuorodhesha inaponivutia kuliko hata kazi ya kukusanya, maana ni upelelezi mtupu.

Huanzia kwenye karatasi yenyewe, siyo maandishi. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa mkono katika kiunzi chenye nyuzi za waya, na waya hizo ziliacha mistari ambayo huonekana ukiielekeza karatasi kwenye mwanga. Mtengenezaji aliongeza pia umbo la waya, kichwa cha fahali au kishada cha zabibu, na likaacha alama ya maji kama hii tunayoitafuta kwenye noti zetu. Ikiwa karatasi kubwa ilikunjwa mara moja tu, mistari mipana ya waya husimama wima na alama ya maji hukaa katikati ya karatasi. Ikikunjwa mara mbili, mistari hulala na alama huangukia kwenye mshono. Ikikunjwa mara tatu, mistari husimama tena na alama huenda juu, penye kona ya ndani. Kwa hiyo hata kabla ya kusoma neno moja unajua kitabu kilikuwa cha ukubwa gani.

Kisha herufi. Mwishoni mwa karne ya 19 Robert Proctor, mfanyakazi wa Makumbusho ya Uingereza, alijifunza kuvitambua vitabu vya kabla ya 1501 kwa sura ya herufi zake, maana wachapaji wengi wa awali hawakutia jina wala tarehe. Orodha yake ilianza kutoka mwaka 1898. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 35, alikwenda kutembea peke yake katika milima ya Austria na hakuonekana tena. Mjerumani Konrad Haebler akaiendeleza kazi hiyo kwa utaratibu ambao mtu yeyote mwenye rula anaweza kuufuata. Pima kimo cha mistari 20 kwa milimita. Halafu tazama herufi kubwa M, kwa sababu katika herufi za Kigothi M ndiyo inayobadilika zaidi kutoka kwa mchapaji mmoja hadi mwingine. Haebler aliorodhesha maumbo yake zaidi ya mia. Kipimo cha mistari 20 pamoja na umbo la M hukufikisha karibu na mlango wa karakana iliyochapa karatasi yako. Kwa Biblia ya Gutenberg, mistari 20 huwa kama milimita 140. Tena hapo kuna siri nyingine: alipoanza kazi, kurasa za mwanzo alizipa mistari 40, kisha 41, ndipo akatulia kwenye 42, na alipoamua kuongeza idadi ya nakala ilimbidi azipange upya zile za mwanzo, safari hii kwa mistari 42. Karatasi ya Mwanzo yenye mistari 40 na nyingine ya maneno yaleyale yenye mistari 42 zote ni zake, ila hazikuchapwa wakati mmoja. Mworodheshaji asiyehesabu mistari hatalijua hilo kamwe.

La kuchekesha, au la kuhuzunisha, ni kwamba huyohuyo Haebler alitoa mnamo 1927 na 1928 masanduku ya karatasi halisi za vitabu vya Ujerumani, Italia na nchi nyingine za Ulaya Magharibi, ili wanafunzi wajifunze kwa macho yao. Aliyeufundisha ulimwengu kumrudisha mtoto kwao naye aligawa watoto. Lakini aliandika kila karatasi ni ya kitabu gani, nani alikichapa, wapi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia.

Kwamba ujuzi huu bado una kazi lilionekana mwaka 2017 katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Mkutubi Erika Delbecque alikuwa akiorodhesha maelfu ya vipande vya makusanyo ya historia ya uchapaji ambayo chuo kilikuwa kimeyanunua miaka ishirini nyuma. Akaona karatasi moja yenye herufi nzito nyeusi na alama nyekundu za aya, akashuku. Kumbe ilikuwa imechapwa na Caxton mwenyewe, mnamo 1476 au 1477, kutoka kitabu cha mwongozo wa ibada kwa makasisi. Karatasi hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye mgongo wa kitabu kingine hadi ilipobanduliwa huko Cambridge mwaka 1820, kisha ikakaa karibu miaka mia mbili bila mtu kuitambua. Vipande vingine vya kitabu hicho viko Maktaba ya Uingereza. Aliyeigundua hakuwa na ramani ya hazina. Alikuwa akijaza orodha tu, na akajali kutazama.

Msomaji wa safu hii atakuwa ameanza kuuliza: lugha iko wapi? Iko hapa. Tangu mwanzo nimekuwa nikisema "karatasi", na natumaini umevumilia, kwani si neno lenyewe. Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kilatini huiita karatasi ya kitabu kwa neno lilelile la jani la mti. Jani lina pande mbili. Upande mmoja ndio sisi tunaouita ukurasa. Biblia ya Gutenberg ina majani kama 640, yaani kurasa kama 1,280. Mwenye kuchanganya viwili hivyo ama ameizidisha Biblia mara mbili ama ameikata nusu.

Kiswahili kilikopa maneno ya kitabu kutoka Kiarabu kwa wingi, ila njiani maana zikahama. Ukurasa unatokana na neno ambalo kwa Waarabu ni kijitabu, karatasi kadhaa zilizokunjwa na kushonwa pamoja. Kwetu likapungua hadi likawa upande mmoja tu. Waraka ulikuwa jani, la mti na la kitabu, sawasawa na Wazungu. Kwetu ukawa barua na tangazo la serikali. Karatasi ni kitu chenyewe kabla hakijaandikwa, nacho Waarabu walikitoa kwa Wagiriki. Jalada lina mzizi mmoja na ngozi, na hilo angalau limebaki nyumbani. Matokeo yake, kile kitu hasa anachokishika mwuza njugu, anachokikata Wells, anachokihesabu Haebler, hakina jina ambalo mkutubi wa Nairobi na wa Lamu watakubaliana.

Mimi napendekeza gombo. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kwa maana ya chuo cha kale cha kukunjwa, lakini pwani nimewasikia wazee wakiziita magombo zile karatasi za msahafu au kitabu kilichofumuka, na sioni ubaya wa kulirudisha kazini kwa maana hiyo. Gombo moja, kurasa mbili. Wapo watakaosema jani linatosha, na sitapigana nao. Watakaosema ukurasa unatosha, hao nitapigana nao.

Sipigani kwa ajili ya mapambo ya lugha. Niliwahi kuonyeshwa daftari la maktaba moja ndogo ambamo mswada wa zamani umeandikwa kuwa na "kurasa 12". Tulipoufungua tulihesabu magombo sita. Je, aliyeandika alihesabu pande, kwa hiyo mswada ni mzima? Au alihesabu magombo, kwa hiyo nusu imeibwa? Aliyeandika alikuwa amefariki. Hakuna aliyeweza kusema, na hakuna aliyeweza kulalamika popote. Wezi wa vitabu adimu wanaijua hali hii vizuri. Mwaka 2005 mfanyabiashara wa ramani Edward Forbes Smiley alikamatwa katika Chuo Kikuu cha Yale baada ya wembe kuokotwa sakafuni mwa chumba cha kusomea. Akakiri kwamba alikuwa ameiba ramani 97 katika maktaba mbalimbali, nyingi zikiwa zimetolewa katika vitabu na atlasi za karne za mwanzo za uchapaji, akahukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Kazi ngumu iliyobaki ilikuwa kuthibitisha ramani ipi ilitoka katika nakala ipi. Hapo ndipo tundu la mdudu linapogeuka shahidi: funza alipokitoboa kitabu alipita magombo mengi kwa mstari mmoja, na tundu la gombo lililoibwa hulingana na tundu la gombo jirani. Lakini lazima awepo aliyeliandika tundu hilo kabla ya wizi.

Narudi kwenye gombo langu la njugu. Nililiorodhesha jioni ileile kama ningeliorodhesha la Mainz. Karatasi ni ya mashine, haina mistari ya waya wala alama ya maji, kwa hiyo hapo sikupata kitu. Maandishi ya Kiswahili yalianza kupigwa chapa mwaka 1847, pale sura tatu za Mwanzo alizozifasiri Krapf zilipochapishwa Marekani. Na tahajia za "khabari" na "fetha" zilikuwa kawaida hadi kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipoanza kusawazisha maandishi ya Afrika Mashariki. Kitabu changu basi kimo kati ya tarehe hizo mbili, au ni chapa ya baadaye ya kitabu cha wakati huo. Herufi F ndiyo iliyosema mengi. Wachapaji wa Uingereza walizoea kuipa kila karatasi kubwa iliyokunjwa herufi yake, ili mjalidi asiparaganye mpangilio, na matini kuu waliianza kwa B, A ikiachiwa jina la kitabu na dibaji. Karatasi ikikunjwa kuwa magombo manane, kurasa 16, B huanza ukurasa wa 1, C wa 17, D wa 33, E wa 49, na F wa 65. Inalingana kabisa. Kwa hiyo kitabu kilichapwa Uingereza au na mtu aliyefunzwa kwa mtindo wa huko, na gombo langu ni la kwanza katika mkunjo wake. La kwanza na la nane huwa kipande kimoja kilichokunjwa, la pili na la saba vivyo hivyo. Yaani ukurasa wa 65 ulizaliwa pacha na wa 79. Nilipoutazama ukingo wa ndani niliona ulipochanika.

Nimelilinganisha na vitabu viwili vya zamani nilivyonavyo. Si hivyo. Kimo cha mistari 20 hakilingani.

Wiki iliyofuata nikarudi Mwembe Tayari. Kijana alinitambua. Akainama chini ya meza yake akatoa mfuko wa plastiki: "Nimekuwekea, Maalim, nilijua utarudi." Mlikuwa na magombo mawili ambayo bado yameshikana kwa uzi wa katikati, ukurasa wa 67 upande huu na wa 77 upande huu, la pili na la saba, jinsi yalivyotoka kiwandani. Nikampa noti ya mia mbili, akaikataa, kisha akaichukua. Nikamwuliza kama aliliona gombo lenye nambari 79.

Akafikiri kidogo. "Hilo nadhani nilifungia mama mmoja jana asubuhi. Alikuwa akienda Kisumu."